Mashine Inayodhani Igawa Nzima ni Mtu Mmoja

Kompyuta yangu ya steshenari hapa Igawa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, ni mali ya mtu mmoja lakini inatumiwa na kila apitaye. Asubuhi huja kijana aliyemaliza kidato cha sita, anataka msaada wa kuomba mkopo HESLB, na kabla ya hapo tuhakiki cheti chake cha kuzaliwa RITA. Hajatoka mlangoni, anaingia mzee wa Ubaruku na jani la mpunga alilolifunga kwenye gazeti. "Mwanangu, hebu niangalizie Google, hii ni nini?" Mchana utingo wa lori lililoharibika anatafuta kipuri cha Scania huku bosi wake akimpigia simu kutoka Lubumbashi. Jioni, foleni ikishapungua, binti mmoja husogea hadi ukingoni mwa kaunta na kuuliza kwa sauti ya chini jambo ambalo asingependa hata mimi nilisikie vizuri.

Kwa mtambo wa kutafutia, hao wote ni mtu mmoja. Mtu huyo anaomba chuo, analima mpunga, anaendesha lori na anahofia ujauzito, yote kwa siku moja. Mtambo nao unajitahidi kumhudumia: unamletea tangazo la trekta, kisha la chuo, kisha la nepi za mtoto.

Kazi yangu, ukiacha kutoa kopi na kuchapa barua, ni kutafuta. Watu hawaji kwangu kwa sababu ya kompyuta, wanakuja kwa sababu wanataka jibu, na wengi wao wana simu mfukoni. Kwa hiyo nimeiona mitambo hii ikibadilika, mteja hadi mteja, na mabadiliko yanayokuja sasa yamejengwa juu ya dhana kwamba kila kifaa kina mwenyewe, na kwamba mwenyewe akishajulikana, jibu lake nalo litapatikana. Huku kwetu dhana hiyo haisimami, na kutosimama kwake kunaweza kumgharimu mkulima msimu mzima.

Tuanze na namna mtambo unavyofanya kazi. Ukiandika swali na kubonyeza, mtambo hauanzi wakati huo kuzunguka dunia nzima kukutafutia. Programu zake zimekwisha kupita kurasa za intaneti mapema, zimezisoma na kuzipanga katika faharasa kubwa, kama ile iliyo mwisho wa kitabu inayokuambia neno fulani liko ukurasa wa ngapi. Unachosubiri wewe ni kupangiwa tu: ukurasa upi uje juu, upi uje chini. Mtu wa kwanza kutengeneza kitu cha namna hiyo kwa ajili ya intaneti, mwaka 1990, alikuwa Alan Emtage, mzaliwa wa kisiwa cha Barbados aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha McGill huko Kanada. Chombo chake kiliitwa Archie na kilitafuta majina ya mafaili tu. Mwaka 1998 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walianzisha kampuni ya Google kwa wazo rahisi kulieleza: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi nyingine, hasa zile ambazo nazo zinatajwa sana, una uzito zaidi, basi uje juu.

Siku zile mtu wa Mbeya na mtu wa Chicago wakiandika maneno yaleyale waliona, kwa sehemu kubwa, orodha ileile. Iwe nzuri au mbaya, ilikuwa yao wote, na wangeweza kubishana juu yake. Mwaka 2005 Google ilianza kumpangia orodha ya peke yake mtu aliyeingia kwa akaunti yake na kuruhusu historia yake itunzwe. Kisha, tarehe 4 Desemba 2009, utaratibu huo ukafunguliwa kwa kila mtu, hata asiye na akaunti. Kikawekwa kijifaili kidogo ndani ya kifaa, na mtambo ukaweza kutazama yale yaliyotafutwa hapo kwa hadi siku 180 zilizopita.

Utazame vizuri mwaka huo wa 2009. Mwezi Julai mkongo wa baharini wa Seacom ulifika Dar es Salaam na kutuunganisha na dunia kwa kasi ambayo hatukuwa nayo. Mwezi Agosti huduma ya tafsiri ya Google ilikiongeza Kiswahili katika lugha zake. Mwezi Desemba orodha ya pamoja ikaondolewa. Sisi tuliingia kwenye intaneti ya kasi mwaka uleule wenzetu walipoanza kugawiwa kila mtu na ya kwake. Wamarekani wanaolalamika leo kwamba zamani wote walikuwa wakiona kitu kimoja, angalau walikuwa na hiyo zamani. Vijana wangu wa Igawa hawakuwahi kuiona.

Aliyelipigia jambo hili kelele zaidi ni Mmarekani Eli Pariser, katika kitabu chake cha mwaka 2011, The Filter Bubble. Hoja yake ilikuwa kwamba mtambo ukikuzoea sana utakuwa unakuletea unachokipenda tu, na mwishowe utaishi ndani ya mawazo yako mwenyewe. Hofu yake naiheshimu. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern huko Marekani waliipima Google kwa akaunti nyingi, wakakuta kwamba kwa wastani ni asilimia 11.7 tu ya matokeo iliyotofautiana kwa sababu ya nani anauliza. Waliona mambo mawili yakileta tofauti yenye uzito: kama umeingia kwa akaunti yako, na mahali ulipo.

Hilo la mahali ndilo linalotugusa sisi. Mtambo hukisia ulipo kwa njia kadhaa. Simu ikiwa imewasha utambuzi wa mahali, unajua karibu kabisa. Isipokuwa hivyo, unaangalia namba ya mtandao uliyopewa na kampuni yako ya simu, na namba hizo mara nyingi huonekana kama zinatokea Dar es Salaam hata kama mwenye simu amesimama shambani Usangu. Ninapotumia bando la simu kwenye kompyuta yangu, chini kabisa ya ukurasa wa matokeo huandikwa kwamba niko Dar es Salaam. Nikitafuta duka la pembejeo lililo karibu, naletewa maduka ya Kariakoo. Yule mzee wa Ubaruku angehitaji kulala njiani ili kwenda kununua kilo mbili za mbegu.

Jina la hapa kwetu nalo lina shida yake. Andika Igawa peke yake uone nani anakuja. Anakuja Kei Igawa, mrusha mpira wa besiboli wa Japani, aliyetoka Hanshin Tigers akaenda New York Yankees mwaka 2007. Anakuja mwigizaji wa kike wa Japani mwenye jina hilohilo la ukoo. Ukiongeza neno Tanzania, unaletewa kata ya Igawa iliyoko Malinyi, mkoani Morogoro, mbali na huku. Ukiongeza Mbarali, mtambo unachanganya na Igava, ambayo ni kata nyingine ya wilaya hiihii yetu, tofauti ya herufi moja. Wajapani hao sina ugomvi nao. Wameandikwa sana, na mtambo hupima wingi wa maandishi. Dereva wa basi akisema "Igawa, washuke wa Igawa," hakuna abiria anayemfikiria mrusha mpira, kwa sababu abiria wanajua wako wapi. Mtambo haujui.

Igawa yetu imeandikwa mahali pamoja kwa wingi na kwa makini, nami niliposoma nilishangaa. Hapa Mto Mbarali una kituo cha kupima mtiririko wa maji, namba 1KA11A, na namba hiyo imo katika tafiti nyingi za Bonde la Ruaha Mkuu. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, Ruaha Mkuu ulipoanza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Ulaya walikuja kupima mito inayoshuka kwenye Uwanda wa Usangu. Walitaka kujua maji yanapotelea wapi kabla ya kufika Mtera na Kidatu, kwenye mabwawa ya umeme. Vipimo vya daraja letu vimo humo. Kuna majedwali na michoro na hoja nzito juu ya nani anatumia maji kiasi gani, na jina la kijiji chetu limerudiwa ukurasa baada ya ukurasa. Nilizoziona zote ni za Kiingereza. Mkulima anayeamka usiku kulinda zamu yake ya maji kwenye banio anaandikwa humo, lakini hawezi kujisoma.

Kwa hiyo hofu ya Pariser huku imekaa kichwa chini. Yeye aliogopa mtambo unaomjua mtu kupita kiasi. Mtu wa kwetu hukutana na mtambo unaojua simu yake ni ya aina gani na jana aliangalia video za nani, lakini haujui mto unaopita nyuma ya nyumba yake.

Sasa yanakuja majibu. Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa ChatGPT, chombo kisichokupa orodha ya kurasa bali kinachokuandikia jibu zima kwa maneno yake. Google ikafuata na Bard, na mwezi Julai 2023 ikaipanua kwa lugha zaidi ya 40, Kiswahili kikiwemo. Mei 2024 ikaanza kuweka muhtasari wa akili bandia juu kabisa ya matokeo kwa watu wa Marekani. Wiki zilezile za mwanzo watu walionyesha muhtasari huo ukimshauri mpishi achanganye gundi kwenye mchuzi wa piza ili jibini ishike, na mwingine ukisema kula jiwe dogo kila siku ni vizuri. Mwaka mmoja baadaye Google ilisema muhtasari huo umefika katika nchi na maeneo zaidi ya 200. Na mwaka 2025 ikatangaza hatua nyingine: mtambo uweze, kwa ruhusa yako, kusoma barua pepe zako ili ukujibu kulingana na maisha yako.

Majibu haya yatashinda huku kwetu, na sababu yake ni bando. Mtu aliyeweka bando la shilingi mia tano hana uwezo wa kufungua kurasa saba, kila moja ikiwa na matangazo yanayolila bando lake kabla maandishi hayajatokea. Jibu moja fupi, kwa Kiswahili, lisilohitaji kufungua kitu kingine, linamwokolea fedha. Na kwa asiyesoma kwa urahisi, anauliza kwa mdomo na kusomewa. Mama mmoja muuza ndizi hapa stendi huiuliza simu yake kwa sauti huku mikono imeshika beseni, nami nafurahi kumwona. Kwa miaka mingi teknolojia hii ilimtaka aandike, tena kwa Kiingereza.

Turudi kwenye lile jani la mzee. Lilikuwa na michirizi ya njano na kijani iliyochanganyika, na alisema mashina yaliyoathirika yamedumaa. Kijana aliyekuwa kwenye foleni akatoa simu yake, akaiuliza programu moja ya majibu kwa nini majani ya mpunga yanakuwa ya njano. Jibu likaja kwa Kiswahili kizuri, chenye adabu hata: mpunga umepungukiwa na naitrojeni, aongeze urea. Mzee akaanza kuhesabu fedha ya mfuko.

Nikampigia afisa ugani. Maswali yake aliyataka yajibiwe na mzee mwenyewe. Njano imeanza jaruba zima kwa pamoja au iko kwa mafungu? Majani machanga au makuukuu? Mbegu ilitoka wapi? Mzee alisema ni mafungu, majani machanga, na mbegu ni ya jirani. Kesho yake afisa alikwenda shambani, akasema ni kimyanga. Huo ni ugonjwa wa virusi. Unasambazwa na mbawakawa, na vilevile mikono na zana za mtu anayetoka jaruba lenye ugonjwa kwenda lisilo nao. Hakuna dawa ya kuuponya. Unang'oa yaliyougua, unasafisha magugu yaliyozunguka jaruba na kuchagua aina ya mbegu inayoustahimili msimu unaofuata. Urea isingeponya hata shina moja.

Kwa nini programu ile ilijibu vile? Kimyanga kilitambuliwa mara ya kwanza nchini Kenya, karibu na Kisumu, mwaka 1966, na hadi leo ni ugonjwa wa Afrika. Asia hawana. Nao Asia ndio wanaolima na kuandika juu ya mpunga kuliko watu wengine wote. Chombo kinachojifunza kutokana na maandishi mengi, ukikiuliza juu ya jani la njano la mpunga, kitakupa jibu la mahali ambapo maandishi hayo yametoka. Kwa mkulima wa Vietnam jibu lile lingekuwa la busara. Kile Kiswahili kizuri ndicho kilichomfanya mzee aliamini jibu lile, maana lugha ilikuwa yake hata kama shamba lililozungumziwa halikuwa lake.

Hapo ndipo ninapoona orodha ya zamani ilikuwa na faida ambayo hatukuithamini. Ungeandika swali lile, ungeona kurasa kumi: moja inasema urea, nyingine inasema kimyanga, nyingine inasema maji yamesimama sana. Ungelazimika kujiuliza dalili za shamba langu ni zipi. Jibu moja linakunyima hiyo nafasi ya kusitasita, na kwenye kilimo kusitasita kidogo kabla ya kununua mbolea ni jambo la maana sana.

Kuna ndugu wawili wa hapa jirani waliogombana juu ya bei ya mpunga. Kila mmoja aliuliza kwenye simu yake, kila mmoja akapata bei yake, na kila mmoja akaapa kwamba Google imesema. Nilipoziangalia simu zote mbili, mmoja alikuwa amepewa bei ya kilo ya mchele Dar es Salaam, mwingine bei ya gunia la mpunga ya msimu uliopita, na hapakuwa na tarehe popote. Wangekuwa wameona ukurasa mmoja wangebishana juu ya ukurasa huo. Sasa walikuwa wanabishana kila mmoja na kivuli cha mwenzake.

Sisemi vyombo hivi havifai kwa shamba. Kuna programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, nayo inakuambia kama ni ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia. Inafanya kazi bila intaneti na inazungumza Kiswahili. Inaweza kufanya hivyo kwa sababu watafiti walipiga picha za majani yaliyougua katika mashamba ya Tanzania kwelikweli, na mashine ikafundishwa kwa picha hizo. Haikuhitaji kujua jina la mkulima, wala umri wake, wala alitazama nini jana. Ilihitaji kuujua muhogo wa huku. Nikisikia watu wanasema huduma iliyopangwa kumfaa mtu binafsi, mimi huona hiyo ndiyo inayostahili kuitwa hivyo.

Hata kabla ya simu janja kuenea tuliwahi kuwa na huduma ya namna hiyo. Mwaka 2012 ilianzishwa huduma ya ujumbe mfupi kwa wajawazito, Wazazi Nipendeni. Mama alijiandikisha kwa namba 15001, anaulizwa ujauzito una wiki ngapi, na ujumbe unamjia kulingana na wiki hizo, hata kwenye kitochi. Alitoa taarifa moja, akajua ametoa taarifa gani na kwa sababu gani. Sasa hivi mtu anatoa taarifa mia kwa siku bila kujua ametoa hata moja.

Mwishoni mwa 2024 takwimu za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, zilionyesha akaunti za intaneti takribani milioni 48 nchini. Tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole inazimwa, kwa hiyo kila laini ina jina. Lakini akaunti si mtu, na laini si mtu. Huku simu moja hutumiwa na mume, mke na watoto, na mtoto akichukua simu ya baba kuangalia katuni, baba anapata mapendekezo ya katuni. Hilo halina madhara. Nililoliona kwenye steshenari moja nilikojifunza kazi, mbali na hapa, lilikuwa na madhara. Msichana aliuliza dalili za ujauzito, akalipa, akaondoka. Aliyemfuata kwenye foleni alikuwa baba yake mdogo. Aliomba atafutiwe dawa za kuku, ikaandikwa herufi mbili tu, d na a, na kompyuta, kwa kutaka kusaidia, ikamaliza swali lenyewe kwa maneno ya yule binti. Baba mdogo alikuwa anajua nani ametoka pale.

Tangu nilipofungua duka langu, kila mteja ninamfungulia dirisha la faragha na kulifunga akiondoka. Dirisha hilo linazuia kompyuta isikumbuke, na kwa duka langu hiyo inatosha, lakini halimaanishi kwamba kampuni haioni kitu. Mwaka 2020 Google ilishtakiwa Marekani kwa sababu hiyohiyo, na Aprili 2024 ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu zilizokusanywa kwa watu waliodhani wako faraghani.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni barua pepe. Maombi ya mkopo, ya chuo, ya kazi serikalini, yote yanadai barua pepe. Wateja wengi hawana. Kwa hiyo kuna steshenari nyingi, kutoka Makambako hadi Mbeya, zinazotumia anwani moja kwa wateja makumi, au kumfungulia mteja anwani ambayo nywila yake inabaki kwenye daftari la duka. Sasa fikiria mtambo uliopewa ruhusa ya kusoma sanduku hilo ili umjue mwenyewe. Utakuta vyeti vya watu, namba za NIDA, barua za kukataliwa kazi, za watu wa koo mbalimbali, na utazichanganya zote kuwa maisha ya mtu mmoja. Kisha utamjibu mteja wa leo kwa siri ya mteja wa juzi. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria hiyo inatuhusu sisi wenye maduka madogo kama inavyozihusu benki. Ningependa kuona Tume ikija hadi kwenye steshenari za vijijini na kutufundisha, kwa sababu siri za nchi hii nyingi zimelala kwenye kompyuta zetu.

Mtu atauliza, kwa nini tusihame tu tukatumia mtambo mwingine? Ipo, kwa mfano DuckDuckGo, ulioanzishwa mwaka 2008 na ambao haukuwekei historia. Lakini simu inakuja na mtambo wake tayari umo ndani. Mahakama ya Marekani ilipochunguza jambo hilo ilionekana kwamba mwaka 2021 pekee Google ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe chaguo la kwanza kwenye vifaa na vivinjari vya watu, na Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba imevunja sheria inayokataza kuhodhi soko. Fedha hizo hazikutolewa kwa kuwa watu hubadilisha kirahisi. Watu hawabadilishi.

Mimi ninapoweza naukwepa mtambo. Siku za matokeo ya kidato cha nne, Januari, nina kikaratasi ukutani chenye anwani ya NECTA, na ninaiandika mwenyewe herufi kwa herufi. Nikipitia kwenye mtambo naletewa kwanza kurasa za watu binafsi zilizojaa matangazo ya kubeti, zinazoahidi matokeo na kukuzungusha. Huduma zote za serikali ninazozijua anwani nimeziandika hapo ukutani. Wateja wanazipiga picha kwa simu zao.

Kinachobaki ni kuandika, na kuandika kwa Kiswahili mambo ya mahali hapa. Mitambo ya majibu haina kisima chake, huchota kwenye kurasa za watu. Mwenye ukurasa asipotembelewa tena kwa sababu jibu limekwisha kutolewa juu, ataacha kuandika, na wa kwanza kuacha watakuwa wale wachache wanaoandika juu ya sehemu ndogo. Afisa ugani wetu anajua mambo ya mpunga wa Mbarali ambayo hayapo popote kwenye intaneti. Watafiti wa kilimo wa TARI Uyole nao wako njiani tu kuelekea Mbeya. Nimemwomba afisa anieleze dalili za kimyanga, picha kwa picha, jani changa na jani kuukuu, nami ninachapa, na tunaweka majina kama Mbarali, Usangu, mbegu ya mpunga ya SARO 5, jaruba, banio, maneno ambayo mkulima atayatumia atakapouliza.

Na kile kituo cha mtoni, 1KA11A. Kila Novemba na Desemba, watu wanapoandaa vitalu, swali ninaloulizwa kuliko mengine ni kama maji yatatosha, na kama Mbarali umeanza kupanda. Nimeutafuta ukurasa wa Kiswahili unaosema leo mto uko kiasi gani hapa Igawa, ukilinganisha na tarehe kama ya leo mwaka jana, sijaupata. Ukurasa huo ungekuwa na mistari minne. Ungesomeka kwenye kitochi. Chombo chochote cha majibu, cha Marekani au cha kwetu, kingeuchukua na kumsomea mama aliyeshika beseni la ndizi, mwenye robo ekari yake ng'ambo ya daraja, akiuliza kama asie mbegu wiki hii au asubiri.